Siku Tuliyogawana Vijitabu

Miaka ile ya themanini, kabla Kilifi haijapata daraja, kitabu kikitoka Mombasa kuja Malindi kilipanga foleni ya feri pamoja na binadamu. Nilikuwa karani msaidizi katika maktaba ndogo ya mjini, msichana niliyezaliwa Kisumu Ndogo, mtaa wa hapo hapo Malindi, na wazazi waliotoka bara. Baba alifua mashuka ya hoteli, mama aliuza mboga. Mimi kazi yangu ilikuwa kupanga kadi.

Nieleze, maana siku hizi kadi zenyewe zimeshakufa. Kila kitabu kilikuwa na kadi zake za karatasi ngumu: ya jina la mwandishi, ya jina la kitabu, na ya jambo ambalo kitabu kinalizungumzia. Zilikaa katika madroo marefu ya mbao, na ufito wa chuma ukapita matunduni mwake chini ili mtu asije akazichomoa. Nyingi hatukuziandika sisi. Maktaba zilikuwa na mapatano. Kitabu kipya kikitoka, maktaba moja itakaa nacho, itapima kinahusu nini, itakipa namba ya rafu na kuchapa kadi, na nyingine zote zitapokea nakala ya kadi hiyo na kuifuata. Wiki ya kwanza nilidhani ni ujanja wa kupunguza kazi. Baadaye ndipo iliponiingia. Mtu nisiyemjua, katika mji nisioukanyaga, ameketi na kitabu mbele yake akafikiri kwa niaba yangu, nami namwamini bila kumwona. Kadi mpya zikifika nilizishika kwa ncha za vidole. Wenzangu walinicheka, na waliendelea kunicheka mpaka nikazoea.

Mkuu wetu alikuwa mama wa Kigiriama kutoka Ganze, mfupi, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kusahau. Mapatano yale aliyaheshimu mno. Alikuwa akisema kidole kimoja hakivunji chawa, kisha anakutazama uone aibu kama ulitaka kufanya mambo kivyako.

Sasa, tulikuwa na vijitabu fulani vya Kiswahili, vyembamba, vyenye jalada la buluu. Vilitolewa kwa mfululizo, namba moja hata ishirini na nne, kila kimoja na jambo lake: nyuki, chumvi, nyota, kufuga kuku, kuchimba kisima, jinsi moyo unavyosukuma damu. Tulivyokuwa navyo tulivipanga rafu moja kwa kufuata namba, kwa kuwa hakuna aliyetuambia vinginevyo. Na alikuwapo msomaji mmoja aliyevisoma hivyo hivyo, kwa namba.

Alikuwa bibi wa mji wa kale, mshonaji wa kofia za viua. Ukiijua kazi ile, tundu moja baada ya jingine na sindano nyembamba, utajua pia inavyoyala macho. Herufi za Kiarabu alizijua tangu utotoni. Hizi nyingine alizipata ukubwani, katika darasa la gumbaru, na alikuwa anazisoma kwa kidole na kwa midomo. Alikuja kila Jumatano, buibui lake likinukia udi. Akiingia nilimwamkia shikamoo bibi, naye huitikia marahaba kisha hukicheka Kiswahili changu, akidai kimechanganyika na kokoto za bara. Daktari wa macho alikuwa amemwambia ana ugonjwa wa presha ya macho, umekawia kugunduliwa, na kilichopotea hakirudi. Hilo alitueleza siku ya kwanza kabisa, bila kuomba huruma, akiwa anaandikishwa.

Siku nyingine akatueleza na la pili. Alipokuwa mtoto aliingia chuoni kusoma Kurani, na kabla hajafika mwisho alitolewa akaolewa. Wenzake walihitimu, wakashangiliwa, wakapikiwa pilau. Yeye alisikia vigelegele vyao kutoka jikoni kwa mama mkwe.

"Nataka nihitimu kitu kimoja, mwanangu," aliniambia, "kabla macho hayajafunga mlango."

Ndiyo maana hakuruka hata namba moja. Nilipomshauri asome kwanza cha nyota, ambacho ni kitamu, alinitazama kana kwamba nimemwambia aanze kofia kwa juu.

Alikuwa amemaliza cha nane zilipotufikia kadi za vijitabu vile kutoka maktaba kuu. Maktaba kuu ilikuwa imeamua kwamba mfululizo ule usikae pamoja. Kila kijitabu kiende kwenye jambo lake, na jina la mfululizo lisipewe kadi. Uamuzi wenyewe haukuwa wa kijinga, na mimi niliuona mzuri. Nilitumia asubuhi nzima kuvitawanya: nyuki kwa nyuki, chumvi kwa chumvi. Rafu ya buluu ikabaki tupu, nikaifuta vumbi, nikaona nimefanya kazi.

Jumatano ikafika. Bibi alisimama mbele ya rafu ile akaipapasa kwa mkono, akidhani ni macho yake yanamdanganya. Alipojua si macho, aligeuka.

"Nimesoma cha kwanza hata cha nane. Leo naja kutaka cha tisa, naambiwa cha tisa kimekwenda kwa kuku. Mumemchinja ng'ombe mukamgawa, halafu mwaniuliza maziwa yako wapi?"

Mkuu alitoka ofisini. Alimweleza kwa adabu juu ya mapatano, kwamba tukipanga kwetu kivyetu na Nakuru kivyao, kadi za pamoja zitakuwa hazina maana. Akamwambia mwenye kutaka nyuki akute habari zote za nyuki mahali pamoja.

"Na mwenye kutaka mwisho je?" akauliza bibi.

  Mkuu alimtafutia cha tisa huko kwa kuku, akampa, kisha akarudi ofisini akafunga mlango.

Kuvunja mapatano hakutaka, lakini hakuna kanuni iliyokataza kuuliza. Aliandika maktaba kuu akaeleza habari ya msomaji huyu. Majibu yalichukua muda mpaka tukakata tamaa, kisha yakaja. Vijitabu vibaki vilipotawanywa. Lakini jina la mfululizo lipewe kadi yake yenyewe, yenye namba zote na mahali kila namba inapokaa, na kila maktaba iliyo katika mapatano iiweke. Sharti lilikuwa moja: maktaba iliyoomba ndiyo itakayoitunza kadi hiyo, izisake namba zinazokosekana na kuwajulisha wenzake. Mkuu alinitazama juu ya miwani nikajua maktaba iliyoomba ni mimi.

Nikaichapa. Sisi tulikuwa tunakosa namba nyingi, hasa za mwishoni, kwa hiyo kadi yangu ilikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Nikatuma nakala zake kila upande, na kuomba kila maktaba ijaze ilicho nacho.

Zilianza kurudi. Moja ilitoka Lamu, namba mbili zimejazwa kwa wino wa kijani. Nyingine ilitoka mji wa bara wenye baridi, imechapwa na mashine ambayo herufi yake ya "a" ilikuwa imeziba. Karani mwingine alikuwa ameongeza pembeni kwa kalamu kwamba chao kimeliwa na mchwa pembe moja lakini chasomeka. Nilizitandaza mezani nikashindwa kukaa. Watu wale hawakumjua bibi yangu wala hawakujua kuna mtu anaitwa mimi. Lakini kila mmoja alikwenda kwenye rafu zake akainama, akatafuta, akaandika. Na sasa katika kila droo la maktaba zile, mashariki na magharibi, kulikuwa na kadi mpya iliyozaliwa kwa sababu mshona kofia wa Malindi aliudhika Jumatano moja. Nililia kidogo. Mkuu alipita, akaona, akanipa leso bila kuuliza.

Vijitabu vya kuazima vikaanza kuja, kimoja kimoja. Bibi alisoma cha kumi na mbili kando ya dirisha. Cha kumi na tano alikisoma kwa kioo cha kukuza maandishi. Kufika cha kumi na nane alikuwa amekisogeza usoni mpaka pua inagusa karatasi, na ukurasa mmoja ulimchukua muda wa kushona safu nzima ya viua. Nilikuwa nasali, mimi Mkristo, feri ya Kilifi isiharibike.

Na cha kumi na tisa hakikuwako popote. Kila kadi iliyorudi ilikuwa na pengo pale pale. Hatimaye mwalimu mmoja wa gumbaru kutoka Matsangoni, aliyekuja kwetu kuomba vitabu vya darasa lake, aliona kadi mezani kwangu akasema kabatini kwao kuna kitu cha buluu kama hicho. Nilikwenda naye siku ile ile. Kilikuwa kimewekwa chini ya mguu wa kabati ili lisiyumbe. Nilikitoa, nikatia kipande cha ubao mahali pake, nikarudi mjini nimekikumbatia.

Nilipofika, mpwa wa bibi alikuwa ananingoja mlangoni. Alisema shangazi yake ameamka na haoni maandishi tena. Anaona mwanga wa dirisha, anaona umbo la mtu, basi.

Nilikwenda kwake nikiwa na kile kijitabu. Nilimwambia nitamsomea vyote vilivyobaki, kila siku baada ya kazi. Alinishukuru, akakataa. Kusomewa, alisema, ni kuhadithiwa. Alikaa akipapasa jalada, nami nikakaa nikiichukia dunia nzima, na kabati la Matsangoni zaidi.

Kisha akaniuliza kama nimewahi kuona khitma. Nilikuwa nimeiona, kutoka kizingitini, alipofiwa jirani yetu. Kurani hutolewa sandukuni ikiwa juzuu thelathini, kila aliyeketi akapewa yake, wote wakasoma kwa pamoja, na kwa kikao kimoja Kitabu kizima kikawa kimesomwa.

"Na pale nani aliyesoma thelathini?" akaniuliza.

"Hakuna, bibi. Kila mtu moja."

"Na nani aliyehitimu?"

"Wote," nikasema.

"Hii si khitma, musije mukanisingizia," akasema. "Khitma ni ya Kitabu cha Mungu. Hii ni kugawana kazi tu. Lakini kugawana twakujua."

Mkuu alikubali kabla sijamaliza kueleza. Jumamosi moja baada ya saa za kufunga, tuliondoa meza tukatandika mikeka. Nilichukua kadi ya mfululizo mkononi nikazunguka rafu: kimoja kwa kuku, kimoja kwa nyota, kimoja kwa visima. Nikafungua na vifurushi vya kuazima. Nilivipanga sakafuni moja hata ishirini na nne, na hiyo ndiyo mara ya kwanza, nadhani, vilipoonana vyote mahali pamoja tangu vitoke kiwandani.

Walikuja washonaji wenzake wenye kujua kusoma, na wasiojua wakaja kuketi. Walikuja wauguzi wawili wa bara, mwalimu wa Matsangoni, na mpwa wa bibi. Mama yangu aliacha mboga zake kwa jirani akaja na kitambaa kipya kichwani, akapewa cha chumvi. Waliokuwa wepesi wa kusoma walichukua viwili. Mkuu alichukua kile kilicholiwa na mchwa. Mimi nikachukua cha kumi na tisa. Bibi alitaka cha kwanza, kwani hicho alikisoma mara nyingi hata kikamkaa moyoni.

Tukaanza kwa pamoja. Sauti zilipanda zikajaa hadi darini, nyuki na damu na visima na nyota vikisomwa kwa mara moja, Kiswahili cha mji wa kale bega kwa bega na cha mama yangu chenye kokoto. Hukuweza kumsikiliza mmoja, ila uliwasikia wote. Nilisimamisha kidole changu kwenye mstari nikamtazama bibi. Alikuwa amekishika kijitabu wazi, midomo inakwenda, kichwa kimeinama upande mmoja, anasoma chake na kusikiliza vingine vyote. Nimeingia makanisa mengi maishani na sijasikia kitu kama kile.

Mmoja baada ya mwingine tukamaliza, na chumba kikawa kinapungua sauti. Mwisho ikabaki moja. Bibi alikuwa anasoma polepole kama alivyosoma siku zote, hakuharakisha hata kidogo, nasi tukamngojea, wauguzi na washonaji na mama yangu. Alifika neno la mwisho. Akakifunga, akakiweka mapajani.

"Kimebaki chochote?" aliniuliza.

"Hakikubaki, bibi."

 Akaufunika uso kwa mikono yote miwili akalia kwa sauti, kama mtoto, na wale wanawake wa mji wa kale wakapiga vigelegele, na safari hii hakuwa jikoni.