Spiriti Haikutajwa

Niwataje kwanza waliokuwepo, maana siku hizi mtu anasimulia jambo mpaka mwisho na hujui nani alikuwa nani. Majina yao ninayo yote, yao na ya baba zao, lakini siyaandiki. Wajukuu zao wengine ni majirani zangu, na mmoja ndiye anayeniletea maji. Sitaki kukaa na kiu kwa ajili ya kitabu.

Nilikuwepo mie, wa miaka kumi na tatu, niliyetolewa shule baada ya darasa la pili kwa sababu nilikwishajua kuandika jina langu, na mtoto wa kike ataandika nini zaidi. Alikuwepo kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, wa miaka kumi na sita, anajifunza useremala. Alikuwepo mama yetu, mjane, muuza vitumbua pale pale mtaani kwetu Keko. Alikuwepo fundi wake kaka, mwenye karakana, ambaye mama yake na bibi yetu walikuwa ndugu, kwa hiyo sie tulimwita mjomba. Alikuwepo mtoto wa fundi, rika la kaka. Alikuwepo mwalimu wetu wa chuo, aliyetusomesha Kurani sote. Na alikuwepo bwana afya, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale, na ilionekana.

Zilikuwa enzi za Mwingereza, vita kuu ya pili imekwisha, na serikali ilikuwa imegundua kwamba vijana wa Kiafrika wanaweza kulewa. Bwana afya akatumwa aje atufundishe hatari zake. Alikuja Ijumaa baada ya swala, na kaptula iliyopigwa pasi mpaka unaweza kukatia nyama. Akauliza penye viti ni wapi. Keko penye viti palikuwa karakanani kwa mjomba, basi tukakaa juu ya makochi na vitanda vya watu walioagiza, na mjomba akawa anazunguka somo zima kama mtu anayefukuza kuku.

"Wewe, inuka, hilo kochi lina mwenyewe. Nyie wawili, shukeni, hicho kitanda cha bibi harusi. Mnataka kukizindua nyie?"

Bwana afya akatundika picha ya kitambaa. Palichorwa mwanamume mnene, amevaa suti na kofia, chupa mkononi, ameegemea nguzo ya taa. Keko nzima haikuwa na nguzo ya taa hata moja, na mwenye suti hatukuwa naye. Tukaelewa kwamba ulevi ni maradhi ya huko wanakovaa suti.

Kisha akahesabu kwa vidole: tembo, pombe ya mtama, gongo, bangi, afyuni. Vidole vitano, mkono ukajaa. Alikuwa mtu wa kazi yake, sikatai. Gongo alitueleza linavyopikwa kuanzia chungu mpaka bomba, jambo ambalo nusu yetu hatukulijua mpaka siku ile. Akatutajia na vichaka vya Mbagala linakopatikana, ili tusije tukapita huko kwa bahati mbaya. Sijapata kuona vijana wa Keko wakisikiliza vizuri namna ile. Wazee waliokaa nyuma walitikisa vichwa kwa uchungu mkubwa, na wengine wao walikuwa wametoka kwenye tembo asubuhi hiyo hiyo.

Mwalimu wa chuo alipopewa nafasi hakuzunguka. "Vyote alivyovitaja bwana huyu ni haramu. Mmesikia. Nendeni nyumbani."

Mtoto wa fundi akanyoosha mkono. Alikuwaga hodari wa maswali. "Bwana, kwa hiyo ni hivyo vitano tu?"

"Ni hivyo," akasema bwana afya, huku anakunja picha yake. "Ukijiepusha na hivyo, uko salama."

Sasa niwaeleze habari ya polishi, nyie mnaonunua makochi ya sponji. Zamani fundi alikuwa ana vipande vikavu vya rangi ya kahawia, vyembamba kama mbawa za mende. Anaviloweka kwenye spiriti, vinayeyuka, anachovya kitambaa, anasugua ubao siku mbili tatu mpaka ujione uso wako. Spiriti yenyewe ilikuja kwenye debe, rangi yake ya zambarau, na harufu yake ilikaa kwenye nguo za kaka hata zikifuliwa. Debe lile lilikaa wazi karakanani, karibu na birika la kunywea maji. Nani aogope dawa ya mbao.

Jumamosi alasiri mama akanituma niwapelekee vitumbua. Mjomba alikuwa amekwenda kufikisha kabati kwa mteja. Nikawakuta kaka na mtoto wa fundi nyuma ya mbao, wameshika kopo moja kwa zamu, wanacheka.

"Mnakunywa nini?"

"Sharubati," akasema mtoto wa fundi.

"Mbona ya zambarau?"

"Usimwongopee mtoto," akasema kaka. "Ni spiriti. Tumetia maji na ukwaju."

"Mtaingia motoni nyie."

"Kwa lipi? Bwana afya kaitaja?"

Nikafikiri. "Hakuitaja."

"Mwalimu kaitaja?"

"Hakuitaja."

"Basi. Lete vitumbua, bibie, ukauze vingine."

Mie nikaona hoja imesimama. Mlangoni kaka akanishika mkono. "Usimwambie mtu. Mjomba atanifukuza kazi, na mama atalia mpaka Idi." Nikaapa. Nilikuwa mtoto mwenye kutunza kiapo, sifa niliyoipenda sana wakati ule.

Mtoto wa fundi alitapika kabla hata ya kufika kwao, mie namwona. Tumbo lake lilikuwa na akili kuliko kichwa chake. Kaka yangu, kwa kuwa alikuwa mwanamume, hakutapika tone. Alirudi nyumbani anatembea vizuri, akasema amechoka, akalala.

Jumapili jua limekwishapanda, mama amemaliza kukaanga zamani na jiko limepoa, kaka akakaa kitandani akasema, "Mama, leo umewasha kuni mbichi?"

"Kuni gani?"

"Moshi umejaa ndani. Fungueni dirisha."

Dirisha lilikuwa wazi. Mama akalitazama, akamtazama kaka, akalitazama tena. Kaka alikuwa anapepea mkono mbele ya uso kama anafukuza moshi, na moshi haukuwepo. Kichwa kilimwuma, tumbo lilimkata, na alichokiona, alisema, ni cheupe tu, kama amefunikwa shuka.

Mwalimu akaitwa. Akamwandikia kombe, aya kwenye sahani zikaoshwa kwa maji, kaka akayanywa. Kisha mwalimu akampitishia vidole mbele ya macho, akampitishia tena, akasema, "Hili la hospitali. Leteni mkokoteni wa fundi."

Tukamlaza kaka mahali yanapolazwa makabati. Mjomba akashika mbele, mwalimu akasukuma nyuma, mama na mie pembeni. Njia nzima mjomba alinung'unika, kwa sababu na yeye nyumbani kwake alikuwa ameacha mgonjwa: mwanawe alikuwa ameamka na tumbo, akamwambia baba yake kwamba alikula vitumbua vya shangazi.

"Sisemi kitu, dada," mjomba akasema. "Lakini wote wawili walikula vitumbua vyako. Labda mafuta."

Mama akazidi kukaza mwendo. Tulipokaribia mjini akaniambia kwa sauti ndogo, "Mafuta yalikuwa ya juzi. Labda kweli ni mie." Hata hapo mwenye kiapo sikufungua mdomo. Jua lilikuwa limekaribia utosini.

Daktari alikuwa Mhindi, mzaliwa wa hapa hapa, Kiswahili chake kizuri kuliko cha bwana afya. Akamfunua kaka macho, akamnusa mdomo, akauliza kala nini na kanywa nini.

"Vitumbua," mama akasema.

"Vitumbua haviondoi macho, mama. Kanywa nini?"

Mwalimu akajibu, kifua mbele. "Kijana huyu hanywi. Namsomesha mwenyewe."

"Na kwangu hakiingii kileo hata tone," akasema mjomba, mwenye debe zima.

Kaka aliugeuzia uso upande anaodhani nipo. Nilikuwa upande mwingine.

Daktari akaweka taa yake chini. "Sikilizeni. Kama kuna kitu kanywa, nikijua sasa hivi, ninalo la kufanya. Nikijua kesho sina. Macho haya hayangoji."

Nikasema, "Spiriti. Ya polishi. Jana alasiri."

"Nani kaona?"

"Mie. Na mtoto wa mjomba kanywa, lakini yeye katapika."

Mjomba akaita jina la mwanawe, daktari akamwambia akamlete hapo hapo, naye akatoka mbio na mkokoteni wake mtupu. Mama hakunipiga. Alinitazama tu, na mie ningependelea kofi.

Sasa sikilizeni dawa. Daktari akasema spiriti ile ina sumu inayokula macho, na kinachoizuia isiendelee kula ni kileo safi. Kwa hiyo kijana atapewa brandi, kidogo kidogo, kila baada ya muda, mpaka kesho.

Mama akasimama. "Mwanangu hanywi pombe."

"Amekwishakunywa, mama."

"Kama amekosea, ndiyo umwongezee?"

Nyie hamjui, enzi zile Mwafrika kununua brandi dukani ni kosa la kupelekwa polisi. Ilikuwa ya Wazungu, ilitudhuru sie peke yetu. Daktari ilimbidi aandike karatasi, na karatasi ipigwe sahihi na Mzungu, ndipo kabati lifunguliwe. Ikaja chupa, ikawekwa mezani, na mama akageuza uso ukutani. Muuguzi akasema hatamshika kwa nguvu mtoto wa watu kama mwenyewe hataki.

Kila mtu akamtazama mwalimu. Mzee wa watu alikuwa bado ana vumbi la barabara kwenye kanzu. Akaiangalia ile chupa kwa muda, kama nyoka aliyekutwa chumbani.

"Hii ni dharura," akasema. "Mtu kwa dharura anakula hata mzoga. Lete hapa." Akachukua kikombe yeye mwenyewe, akaketi kitandani, akamwinua kaka kichwa. "Fumbua mdomo."

"Mwalimu, unaninywesha pombe?"

"Nakunywesha dawa. Pombe ulikunywa jana."

Kaka akanywa, akakunja uso. "Kali."

"Afadhali," akasema mwalimu. "Ingekuwa tamu ningepata kazi na wewe."

Alikaa pale, akamnywesha kila alipoambiwa, akiondoka kwenda kusali tu, anatawadha mara mbili, anarudi. Kaka yangu basi ndiye wa kwanza Keko kunywa brandi kwa ruhusa ya serikali, tena kwa mkono wa mwalimu wa chuo, na wala hakuiona ina rangi gani.

Uhai ulibaki. Jicho la kulia likafa. La kushoto lilirudi nusu, akawa anaona watu kwa pembeni lakini akikutazama usoni, uso haupo. Siku tunatoka daktari alimwambia mama, bila ubaya, kwamba angeambiwa Jumamosi, au hata Jumapili alfajiri, huenda kaka angetoka na macho yote mawili. Mtoto wa fundi alipona kabisa, akaendelea na maswali yake.

Polishi kaka hakupiga tena, kwa sababu mpiga polishi lazima aone michirizi. Mjomba hakumfukuza. Alimwachia kazi ya msasa, na vidole vyake vilijua ubao kuliko macho ya wengine. Alioa, akazaa. Mara moja tu nilimwomba radhi, tayari nina watoto wawili. Akasema, "Kwa lipi? Uliahidi, ukatimiza." Akaendelea kusugua. Nafikiri alidhani ananifariji.

Miezi miwili baada ya kaka kutoka hospitali, bwana afya alirudi, na kaptula ile ile na picha ile ile ya mwenye suti. Safari hii aliongeza mkono wa pili: kidole cha sita, spiriti. Alitaka kaka asimame watu wamwone. Mjomba akamwambia kijana ana kazi. Mtoto mmoja akauliza, "Na mafuta ya taa, bwana?" Bwana afya akafikiri, akaandika. "Na vanishi?" Akaandika. "Na gundi?"

Mama akainuka na sinia lake la vitumbua. "Bwana, utataja mpaka lini? Vidole vinakwisha. Waambie hivi: ukimwona mwenzio anakunywa kitu usichokijua, sema siku ile ile. Hata kama umeapa."

Bwana afya akamshukuru mama kwa maoni yake, akaendelea na orodha.

Mama hakunitazama aliposema. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, na hakunitazama.

Haya ndiyo ninayoyakumbuka. Kama yupo mtu wa Keko ya zamani, au aliyesimuliwa na wazee wake, akaona nimekosea, anisahihishe. Debe huenda halikuwa karibu na birika. Picha huenda haikuwa na kofia. Hayo nitayapokea bila ubishi. Lakini zaidi ya yote namwomba anayejua ile Jumapili nilisema saa ngapi. Mie kila nikikumbuka ni adhuhuri, jua utosini. Kama yuko aliyenisikia nikisema mapema kuliko hapo, aje aniambie. Nitafurahi kuambiwa nimesahau.