Salamu ya Kichwa Chini

Juzi nilikuwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Nyamagana, nikisubiri zamu ya mgongo wangu. Mbele yangu mzee mmoja kutoka Magu alikuwa amefungwa miguu kwenye kile kitanda kinachopinduka, kichwa chini miguu juu, shati limemshukia kidevuni. Mara akaingia mkwe wake, mke wa mwanawe, na uji kwenye chupa.

"Niinue haraka, mkwe wangu huyo!" mzee akamnong'oneza mtaalamu.

"Taratibu, baba. Ukiinuka ghafla utapata kizunguzungu."

Mkwe hakusubiri. Alipiga magoti, macho chini, kama alivyolelewa. "Shikamoo, baba."

Huko chini ndiko uso wa mzee ulikokuwa. Wakatazamana. Binti akajizuia, akashindwa, akacheka.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe una mwanya! Kama wa marehemu mama yangu."

Jamani, tunaheshimiana mpaka hatujuani sura.

Mtaalamu akashika kitanda ili amwinue. Mzee akamzuia kwa mkono.

"Ngoja kwanza. Huoni tunaongea?"