Gitaa Lililocheza Baa

Kwaya yetu ililima mahindi misimu miwili ili inunue gitaa la besi, na mwishowe tukanunua kifaa cha kumwitia mtu aliye shambani. Ninasema "tukanunua" kwa sababu nilikuwepo. Nilisimama dukani, nikaona kosa likitendeka hatua kwa hatua, na nilipopewa nafasi ya kusema nilisema kidogo kuliko nilivyojua.

Shamba lilikuwa Maposeni, kwa mwenyekiti wetu wa kwaya, mkulima aliyekuwa na nyumba huko na nyingine mjini. Jumamosi tulikwenda kwa baiskeli, ama juu ya lori la mbolea tukibahatika. Ilikuwa miaka ile mbolea ilipoanza kuuzwa kwa bei ya dukani, na mahindi yakaanza kununuliwa na watu waliokuja na malori yao wenyewe na mizani yao wenyewe. Madukani nako mambo yaligeuka. Muda mfupi nyuma tulipanga foleni ya sabuni. Sasa mtaa wa sokoni, Songea, ulijaa redio kaseti, feni, saa za ukutani na marobota ya mitumba. Kilichokosekana ni mtu wa kukueleza kipi kizuri na kipi kibaya.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Mfaranyaki. Besi nilijifunza chuo cha ualimu, kwenye bendi ya wanachuo. Katika kwaya nilikuwa nikipiga besi kwenye nyuzi nene za gitaa la kawaida, jambo ambalo ni sawa na kuchimba msingi wa nyumba kwa kijiko. Mwenyekiti hakuyapenda magitaa. Ujanani alikuwa mpiga ngoma, na mikono yake ilikuwa bado na ugumu wa kazi hiyo. Alikubali besi kwa sharti moja, akalitamka mbele ya wanakwaya wote.

"Mwalimu, sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia ikifika, gitaa lako lisiposikika, tunarudi kwenye ngoma na kayamba. Mahindi ya watu si ya majaribio."

Nikakubali. Sikuwa na wasiwasi, kwa kuwa nilijua tayari gitaa ninalolitaka.

Nyuma ya soko aliishi mzee mmoja fundi redio, aliyewahi kuwa mpiga besi wa bendi ya dansi. Bendi ilikwisha kufa, na ukumbi wao ulikuwa umegeuzwa ghala la saruji. Alikuwa anauza gitaa lake la besi, amplifaya, na kabati lenye spika moja kubwa ya upana wa sinia la pilau. Nilikwenda kwake mara mbili, na mara zote mbili na daftari.

Nilipima kama nilivyofundishwa. Kwanza nililiinua gitaa usawa wa jicho, nikatazama shingo yake kama seremala anavyotazama ubao, ilikuwa imenyooka. Nikapiga uzi mnene kwenye kila kituo cha shingo, kimoja baada ya kingine, nikisikiliza kama kuna mahali uzi unakoroma. Haukukoroma. Nikageuza vifundo vya sauti pole pole nisikie kama vinakwaruza. Kimoja kilikwaruza, nikaandika. Nikagusa karatasi ya spika kwa vidole viwili, ikarudi bila kusugua. Rangi ya gitaa ilikuwa imelika pale mkono unapolala, na lilikuwa zito kama mtoto aliyesinzia.

"Shikamoo mzee, naliwasha," nilisema.

"Marahaba. Usinitazame mimi, mwalimu, mimi nimechakaa. Lisikilize lenyewe."

Nilipiga noti moja tu. Niliisikia kwenye benchi nililokalia kabla haijafika masikioni. Kikombe cha fundi kikatembea mezani, naye akakizuia kwa kidole bila kukitazama, kama mtu aliyekizoea. Bei ya vyote vitatu ilikuwa chini ya bei ya gitaa jipya dukani. Kasoro moja niliyoiandika kwa herufi kubwa ni kwamba vilihitaji umeme, na umeme wa mji wakati ule ulikuja kwa zamu. Lakini parokia ilikuwa na jenereta ya sikukuu, kwa hiyo nikaikata kasoro hiyo kwa mstari.

Jumapili, baada ya misa, nikasoma daftari langu mbele ya kamati. Mama mhazini, aliyekuwa muuza vitambaa na mwimbaji wa sauti ya pili, alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemeza shavu kiganjani.

"Mwalimu, hilo gitaa lilikuwa linacheza wapi?"

"Ukumbini, mama."

"Ukumbi upi?"

"Ule wa zamani. Ambao siku hizi ni ghala."

"Ule wa bia?"

Watu wakacheka. Nikasema ndiyo, ule wa bia.

"Haya. Sasa Paroko atabariki gitaa lililocheza baa?"

Desturi yetu ilikuwa kila chombo kipya cha kwaya kibarikiwe kabla ya kutumika. Nikamjibu kwamba nusu ya mashati meupe ya wanakwaya ni mitumba, na hatujui yalicheza wapi huko yalikotoka.

"Shati linafuliwa, mwalimu. Gitaa utalifulia wapi?"

Hapo ndipo kikao kilipokwisha, ingawa tulikaa nusu saa zaidi. Mwenyekiti akahitimisha kwamba watu hawatalima misimu miwili ili wakanunue kuukuu la mtu. Nimekirudia kikao hicho kichwani mara nyingi. Kilichoniudhi zaidi hakikuwa hoja ya mama, kwa sababu ilikuwa hoja yenye ladha na mimi mwenyewe nilicheka. Kilichoniudhi ni kwamba nyumba ya Paroko ilikuwa hatua hamsini kutoka pale tulipoketi, na hakuna aliyenyanyuka kwenda kumuuliza. Hata mimi, mwenye daftari.

Jumatatu tukaenda dukani watu watatu, mwenyekiti, mama mhazini na mimi. Mwenye duka alikuwa mfanyabiashara wa Tunduru, mtu mcheshi aliyevaa kofia ya kufuma. Gitaa la besi lilikuwa moja tu, jekundu, linang'aa, na mwili wake wote ulikuwa bado na nailoni ya kiwandani. Nikaliinua usawa wa jicho. Shingo ilikuwa na tao.

"Hili limepinda," nilisema.

"Mwalimu, wallahi limetoka kwenye boksi leo asubuhi. Limepinda saa ngapi?"

Mwenyekiti akacheka sana. Tangu hapo kila nilipofungua mdomo alinitazama kama mtu anayetafuta dosari kwenye posa ya binti asiyemtaka.

Amplifaya zilikuwa za namna mbili. Ya kwanza ilikuwa na kabati dogo la spika, ikitumia umeme. Ya pili ilikuwa na honi mbili za bati, zile zenye mdomo kama ua la boga, ikitumia betri la gari. Nimtendee haki mwenye duka, maana hakudanganya. Alisema wazi, "Hii ya kabati ni ya muziki. Hii ya honi ni ya mikutano."

Siku hiyo haikuwa zamu yetu ya umeme. Kabati halikuwezekana kujaribiwa. Honi ziliwezekana, na mwenyekiti alikuwa na njia yake ya kujaribu. Ngoma, alieleza, huwezi kuijua ukiwa umesimama karibu nayo. Karibu, kila ngoma ni nzuri. Unamwacha mtu aipige, wewe unavuka bonde, unasikiliza kutoka ng'ambo. Ile inayokufikia ndiyo ya kununua. Hivyo ndivyo alivyochagua ngoma maisha yake yote, na kwa ngoma sina cha kumbishia.

Akamtuma mama mhazini ashuke mpaka darajani. "Ukisikia, punga kitenge."

Mama akashuka. Tulimwona akiwa mdogo kabisa huko chini, karibu na watu wanaofua. Mwenyekiti akashika kipaza sauti, akasafisha koo.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

Kitenge kikapungwa. Na si kitenge tu. Waliokuwa wanafua, mwendesha baiskeli mwenye magunia ya mkaa, mwanamke aliyekuwa akipanga nyanya upande wa pili wa barabara, wote wakaitikia, "Milele, amina!" Mtaa mzima ukaangua kicheko. Mwenye duka, Mwislamu wa watu, alipiga makofi. Uso wa mwenyekiti ulikuwa umefunguka kama wa bwana harusi.

"Hii," alisema. "Funga hii."

"Mzee, umejaribu mdomo," nilimwambia. "Tunanunua kwa ajili ya besi. Tujaribu besi."

Mwenye duka akaunganisha gitaa jekundu kwenye amplifaya ya honi. Nikapiga uzi mnene. Honi za bati hazina mahali pa kuiweka sauti nene. Zinaichuja na kutoa maganda. Ilitoka sauti ya mbu aliyefungiwa kwenye debe, na juu yake uzi ukakoroma kwa sababu ya lile tao la shingo.

"Si linasikika?" mwenyekiti aliuliza.

"Linasikika kama gitaa dogo lenye mafua."

"Litazoea. Hata ngoma mpya haisemi vizuri siku ya kwanza. Mpaka ngozi ikae."

Ngozi! Nilitaka kumwambia kwamba hapa hakuna ngozi, hakuna cha kukaa, bati litabaki bati. Lakini mama mhazini alikuwa amerudi akihema na kufurahi, akisimulia jinsi wafuaji walivyoitikia. Nikahesabu upesi: nikikataa, tunarudi bila besi kabisa, na mpaka ijulikane kama tutalima tena, sikukuu itakuwa imepita.  Nilibeba gitaa, mwenyekiti akabeba honi, moja kila bega.

Kwa majuma matatu nilijaribu kila nilichojua. Nililegeza nyuzi, nikaweka kipande cha kadi chini ya daraja la nyuzi kuzinyanyua, nikapunguza sauti nyembamba mpaka kifundo kikafika mwisho. Niliomba ruhusa ya kuvua ile nailoni, kwa kuwa ilinasa mkono wangu wenye jasho. Mwenyekiti alikataa, isivuliwe kabla ya baraka. Siku ya sikukuu, baada ya baraka, alikataa tena, ili gitaa lisichakae.

Asubuhi ya sikukuu Paroko alisimama mlangoni pa kanisa na ndoo ya maji ya baraka. Watu walikuwa wamepanga kwenye nyasi vitu vyao vya kubarikiwa. Nilisimama mwanzoni mwa mstari na gitaa jekundu, mama mhazini kando yangu. Paroko akalinyunyizia, akaendelea. Akabariki baiskeli kuukuu ya katekista isiyo na breki. Akabariki cherehani yenye kutu. Akabariki redio iliyofungwa kwa mpira wa ndani wa tairi, na pikipiki ambayo mji mzima ulijua ilikuwa ya muuza pombe kabla ya kununuliwa na mwenye nayo sasa. Hakuuliza chochote kilitoka wapi. Alichovya, akanyunyiza, akasogea.

Mama mhazini aliufuata mkono wake kwa macho mpaka mwisho wa mstari.

"Kumbe," alisema.



Honi zilifungwa juu ya mkaratusi ulio kando ya kanisa. Wimbo wa matoleo nilikuwa nimeutunga kuizunguka besi: waimbaji wanyamaze, besi iingie peke yake kwa hatua nne za muziki, kisha sauti zirudi juu yake. Tulipofika hapo waimbaji wakanyamaza. Nikapiga zile hatua nne kwa nguvu zangu zote. Nilichokisikia ni kukoroma kwa uzi na mtu akikohoa katikati ya kanisa. Wapo waliodhani tumesahau wimbo. Nyuma walianza kunong'ona. Mpiga ngoma wetu, aliyeachiwa ngoma moja tu ya kusindikiza besi, akajaza pengo kwa huruma. Huwa natazama miguu ya watu ninapopiga, kwa sababu miguu haina adabu ya kujipendekeza. Siku hiyo miguu yote ilimfuata mpiga ngoma.

Baada ya misa mwenyekiti alinijia akiwa na sahani ya wali mkononi, amefurahi.

"Maneno yamefika mpaka sokoni! Watu wameyasikia yote, neno kwa neno!"

"Na besi, mzee?"

Alitafuna kwanza. Hakuwa mtu mbaya.

"Besi, mwalimu, sikuisikia. Nilikuwa nakungoja."

Kikao kilichofuata kilikuwa kifupi. Honi zibaki, gitaa liwekwe kabatini, ngoma na kayamba zirudi. Sharti lilikuwa sharti, na mimi ndiye niliyelikubali.

Siku chache baadaye, jioni baada ya shule, nilipita kwa fundi redio. Sikuwa na fedha wala mpango. Nadhani nilitaka tu kupiga ile noti moja tena. Pale gitaa lilipokuwa limeegemea palibaki alama ukutani.

"Limekwenda Lusewa," alisema. "Na kabati lake."

"Limenunuliwa na nani, mzee?"

"Kwaya."

Nilikaa kwenye benchi.

"Hawakukuuliza lilikuwa linacheza wapi?"

"Waliniuliza kama lina nyuzi za akiba."

"Na Lusewa umeme watautoa wapi?"

"Wamesema wanalima tena mwaka huu, wanunue jenereta. Kwa sasa wanajifunza hivyo hivyo, wameweka sikio kwenye ubao wa gitaa."

Kabla sijajibu, kutoka upande wa kanisa ikaja sauti ya mwenyekiti, safi, kila neno limesimama peke yake, ikiwatangazia wanakwaya mazoezi ya kesho na kuwaomba wapiga ngoma wawahi. Fundi akasimamisha bisibisi yake, akasikiliza mpaka tangazo likaisha.

"Honi nzuri hizo," alisema.

Nikasema ndiyo, ni nzuri. Nikachukua baiskeli yangu nikaenda nyumbani.