Nelli Aliyeondoka Bila Kukaa

Saa moja asubuhi, Nelli Rempel, mhudumu wa wazee majumbani, anafungua mlango wa ghorofa ya sita hapa Marzahn, Berlin, na kumkuta mzee Genrikh Vibe ameshavaa koti, kofia ya manyoya na mabuti. Sanduku liko mlangoni.

"Umechelewa, binti. Treni ya Karaganda haimsubiri mtu."

"Twende wapi hatujakaa, Baba? Unataka mkosi utukute njiani?"

Mzee anaguna, lakini anakaa juu ya sanduku. Nelli anakaa kwenye kigoda cha kuvalia viatu. Sisi tuliokulia kwenye Kirusi hatutoki safari bila kukaa hivi kidogo, hata kama teksi inapiga honi huko chini.

Dakika moja inapita. Mzee anatazama miguu yake.

"Nani kanivalisha mabuti ndani ya nyumba?"

"Nani tena? Si wewe mwenyewe!"

Anamvua, anakwenda jikoni kumpikia uji wa ngano wenye siagi. Safari ya leo imekwisha. Kesho itaanza upya, kama ilivyoanza kila asubuhi kwa miaka miwili sasa.

Mzee Genrikh ana miaka 86 na alikuwa fundi umeme kwenye migodi ya makaa ya mawe kule Kazakhstan. Kwa ugonjwa wa kusahau, Kijerumani alichojifunza ukubwani kimemtoka chote, kimebaki Kirusi tu. Kampuni inampa Nelli dakika thelathini za kumwosha, kumvisha na kumlisha. Za kukaa hazimo. "Naziiba kwenye kuosha vyombo," anasema.

Ndani ya sanduku, mimi ninayeandika habari hii, nimeona taulo mbili, bisibisi na kopo la maziwa mazito. Kopo ni zawadi mzee anayompelekea mama yake, ambaye alifariki mwaka 1961. Nilivyoambiwa hivyo nilitoka nikasimama kwenye ngazi. Na mimi nina mama kule.

Nelli, mwenye miaka 57 na mwenye asili ya Kijerumani kama mzee, alitoka Temirtau, Kazakhstan hiyohiyo, mwaka 1996 na mumewe na watoto wawili. Mama yake alikataa kuliacha kaburi la baba.

"Siku ile gari linapiga honi, watoto wanalia, mume wangu anafoka. Tukapakia, tukaondoka. Mama akakimbia nyuma ya gari anapiga kelele, 'Hamjakaa! Nelli, hamjakaa!' Nikamjibu dirishani, tutakaa tukirudi."

Hakurudi. Mama alipofariki mwaka 2009, Nelli alikuwa amelazwa hospitalini, wakamzika majirani. Tangu hapo ufunguo wa nyumba anao jirani, Raikhan, ambaye kila baridi huwasha jiko ili maji yasigande yakapasua mabomba. Na kila mwaka Nelli humwambia, mwakani narudi moja kwa moja.

"Kule tulikuwa wale Wajerumani. Hapa mimi ni yule Mrusi. Nikirudi nitakuwa nani, sijui. Lakini nyumba ikiwepo, najua pa kwenda."

Jumatatu iliyopita Raikhan alituma ujumbe wa sauti. Nelli alinisikilizisha.

"Shoga, mimi nahamia Astana kwa binti yangu, nimezeeka. Mnunuzi nimempata, anataka jibu Ijumaa. Unakuja au niuze? Na safari hii usinizungushe."

Alhamisi nilirudi kwa mzee Genrikh. Wakakaa kama kawaida, ila leo uji ulikuwa tayari motoni. Dakika ikapita, mzee akavua mabuti mwenyewe. Nelli hakuinuka. Alibaki pale kwenye kigoda, koti mwilini, anaangalia mlango.

"Na wewe binti, safari ya wapi?" mzee akauliza.

"Nyumbani, Baba."

"Lini?"

"Baridi ikipungua."

"Baridi ya mwaka gani?"

Mzee akamtazama kwa macho ya akili timamu ambayo sikuwahi kumwona nayo. "Kumbe! Nilidhani mgonjwa ni mimi peke yangu."

Nelli akacheka, halafu akalia, uji ukaungua.

Jioni ile alimjibu Raikhan: uza. Aliniambia hivyo kwa simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoka kuzika. Ila aliweka sharti moja, mnunuzi asubiri hadi Mei. Ameomba likizo ya wiki mbili, ya kwanza ndefu kwa miaka minne.

"Sitaki kitu chochote mle ndani. Nataka kukaa dakika moja tu, kama mama alivyotaka. Nikishakaa nitafunga mlango, nimpe mnunuzi ufunguo wake. Miaka yote hii sijaondoka, unaelewa? Nataka niondoke."

Ijumaa jibu likaja. Mnunuzi amekubali, hadi tarehe 15 Mei.

"Lakini shoga," Raikhan akaongeza, "viti nilishavigawa. Hata lile benchi la mama yako, nililichanja kuni baridi ilipozidi. Utakaa wapi?"

Nelli alirudia ujumbe ule mara mbili, kisha akabonyeza kitufe cha kurekodi jibu.

"Sakafuni," alisema.