Waranti na Udi wa Ijumaa

Watu hawaniamini nikisema naishi ughaibuni. Kwao ughaibuni ni kule kwenye theluji. Mimi nimetoka Tanga nikaolewa Malindi, chakula ni kile kile na lugha ni ile ile, lakini kitambulisho changu kimeandikwa mgeni. Kompyuta yangu nayo ilikuwa mgeni. Niliinunua Dar es Salaam wiki moja kabla ya arusi, na muuzaji alinipa kadi ngumu inayong'aa, akaniapia kwamba waranti yake ni ya kimataifa, miaka mitatu, popote penye wakala wa kampuni. Niliitia kadi ndani ya boksi pamoja na risiti, boksi nikaliweka juu ya kabati.

Kompyuta hiyo ndiyo iliyonipa kazi. Shule moja ya ng'ambo ilinichukua niwasomeshe wanafunzi wake Kiswahili kwa mtandao, asubuhi nne kwa wiki. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu niolewe, na niliipenda kuliko nilivyothubutu kusema. Nyumba ya wakwe ina watu wengi, na mawifi zangu hawakuelewa ni mke gani hujifungia chumbani asubuhi akazungumza na ukuta huku vyombo havijaoshwa. Aliyenitetea ni mama mkwe. Alikuwa akiweka kiti chake nje ya mlango wangu na kumnyamazisha kila apitaye: "Kimya, mwalimu yuko darasani." Bila yeye kazi ile isingemaliza mwezi.

Na kwa kuwa alinipenda, aliikinga kompyuta na kijicho. Kila Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri, nikiwa nimeshaizima, aliilaza juu ya kiti cha kamba, akaifunika kanga, akasukuma chetezo chenye makaa chini yake, akasoma dua huku moshi wa udi ukipanda. Ndivyo anavyofukiza nguo za bibi arusi na nguo za mtoto mchanga. "Kitu kinachokupa riziki hakiachwi hivi hivi," alinambia. Siwezi kujitoa hapo, maana mimi ndiye niliyekuwa nashika ncha ya kanga. Wiki nzima chumba kilinukia vizuri, na nilisomesha kwa furaha.

Ikafa Jumanne moja katikati ya kipindi. Picha ilitetemeka, ikawa nyeusi, na haikuwaka tena. Niliwaandikia shule kwa simu, wakanipa wiki mbili. Zaidi ya hapo, walisema, nafasi itakwenda kwa mwalimu mwingine. Sikuhangaika sana. Nilikuwa na kadi yangu inayong'aa, na miaka mitatu ilikuwa bado haijatimia. Kesho yake nilikuwa Kilifi kwa wakala, nimekumbatia boksi.

Fundi aliyekaa mezani alikuwa mtu wa makamo, mpole, ndevu kazichonga vizuri. Aliisoma risiti, akaninyanyulia macho.

"Dada, wewe si wa huku."

"Mie Mtanga."

"Tanga ipi?"

"Chumbageni."

"Lo! Mie Ngamiani! Karibu sana, dada yangu. Umekuja kwenu."

Mtu aliyekaa ugenini miaka miwili na nusu anaielewa hali niliyokuwa nayo. Alisukuma fomu kando, akaniagizia kahawa, tukawasema watu wa Tanga na bei za samaki. Kisha akaniuliza, sauti ya chini, "Sasa niambie kama ndugu. Ilimwagikiwa maji? Ilianguka?"

Nikamwambia haijawahi kuguswa na tone. "Labda udi wa mama mkwe," nikasema, nikacheka. Hakuna aliyenilazimisha. Nikamweleza Ijumaa zote, kanga, chetezo, dua. Nikainuka kabisa kumwonyesha mama mkwe anavyoizunguka kompyuta na magoti yake mabovu. Fundi alicheka mpaka akafuta machozi, na mimi nilijisikia kama niko ukumbini kwetu na kaka zangu. Aliniahidi siku saba.

Siku ya tisa ikaja barua pepe. Waranti imekataliwa, uharibifu umetokana na moshi, kwa maelezo ya mteja mwenyewe.

Nilimpigia simu papo hapo. Hakukana. "Dada, kusema kweli, aina hiyo huharibika yenyewe. Nimeshazitengeneza nyingi. Hata masizi ya maana sikuyaona."

"Sasa kwa nini umeandika moshi?"

"Ulishaniambia. Nisingeandika, wangeniuliza mimi. Ungenyamaza tu, ingepita."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimtukana kwa Kitanga safi, matusi ambayo sikujua kama bado ninayo, nikakata simu. Alinipa kahawa na udugu ili nifungue mdomo, kisha maneno ya mdomo huo huo akayaandika kwenye fomu. Nilisalitiwa na mtu wa kwetu, na hilo liliniuma kuliko waranti. Laiti angekuwa mtu baki ningenyamaza. Siku chache baadaye muda wa shule ukaisha, wakaniandikia kunishukuru na kunitakia kheri.

Nyumbani nilisema tu kwamba wakala wamenidhulumu. Mama mkwe alikasirika pamoja nami. Aliwaapiza watu wa kampuni, akasema mwanawe aende mwenyewe akawatie adabu. Mume wangu akaenda kweli. Alikuwa Mariakani kwa shughuli zake, na wakati wa kurudi akapitia Kilifi, akapewa kompyuta ikiwa maiti na bahasha ya ripoti.

Alifika tukiwa mkekani, sinia la wali katikati. Mama yake akamwambia, "Tusomee tujue wamesemaje hao wezi." Ripoti ilikuwa ya Kiingereza, akawa anaisoma na kuifasiri papo hapo, haraka, bila kutazama mbele.

"Mteja ameeleza kwamba kila Ijumaa mama wa mumewe huwasha moto chini ya mashine na kusema maneno, kwa mambo ya uchawi..."

Wifi mmoja akaacha kutafuna.

"Rudia hapo," mama mkwe akasema.

Mume wangu aliikunja ile ripoti mara nne.

Nilisema neno hilo si langu. Niliapa kwa Mungu kwamba nilisema udi, nilisema dua, uchawi ameutia yeye fundi kwa kalamu yake. Na ni kweli tupu. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. Huyu ni mtu asiyepitwa na swala, na sasa alikuwa ameandikwa mchawi kwenye karatasi za kampuni ya mbali namna hiyo.

"Nimekusadiki," akasema. "Wewe hukunena uchawi." Akanawa mkono, akaukausha polepole kwa upindo wa kanga, kisha akanitazama.

"Nambie jambo moja tu, mwanangu. Ulipokuwa ukimweleza, mlicheka?"

Watu wote pale sinieni walikuwa wakiningoja.

"Tulicheka, mama," nikasema.