Aga Kabla Hujaapa

Iko siku moja naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Jua lilikuwa la utosi, upepo wa kijiji cha Busi unafukuza vumbi mashambani, na mimi niko chini kabisa ya kisima kikavu, nasikia naitwa jina ambalo hakuna mtu Kondoa nzima aliyekuwa analijua.

Nitakusimulia kwa utaratibu, usiwe na haraka. Nimesikia umepeleka maombi yako ya uraia, kwamba umeishi hapa kwa vibali halali miaka yote inayotakiwa na sasa unangoja majibu. Vizuri. Mimi nilipita njia hiyo hiyo. Leo ni Mtanzania, nina nyumba Miyuji, hapa Dodoma, niliyoisimamisha kwa mikono hii, na watumishi wa serikali wenye digrii zao ni wapangaji wangu. Shule sikusoma, darasa la pili niliacha. Lakini hili ninalokwambia hutalisikia ofisini. Wale hawalijui, na wangelijua wasingekuwa na mhuri wa kuligonga.

Nilitoka Burundi kijana, naenda Tabora kuvuna tumbaku. Msimu mmoja tu, nirudi. Kwa hiyo sikuaga mtu, nani anaaga akienda kibarua? Msimu ukaisha ukaja mwingine, Tabora nikaiacha nikafika Singida, Singida nikaiacha nikaangukia mikononi mwa Mzee Ramadhani wa Busi, mchimba visima. Alinitazama kama anayechagua ng'ombe mnadani.

"Una mabega," akasema, "akili sijaiona. Tutaanza na mabega."

Nilifika siku ya Alhamisi, basi wakaniita Hamisi. Nilipoonyesha dalili za kukaa, mzee akanipeleka mwenyewe uhamiaji nikate kibali, maana alisema hawezi kufanya kazi na mtu anayejitupa kwenye mahindi kila gari likipita. Nikakilipia, nikakihuisha, kikiisha nakihuisha tena. Nikamwoa Zaituni, binti wa jirani yake. Watoto wakazaliwa. Nikataka kiwanja kiwe kwa jina langu, nikataka wanangu wasiulizwe baba yenu ni wa wapi. Nikaomba uraia.

Unajua mwenyewe kuna lile tangazo la gazetini. Jina lako linachapwa pale, nchi nzima inaambiwa fulani anaomba kuwa raia, yeyote anayejua sababu ya kumzuia na aseme. Nililitazama jina langu pale, nikaona kama tangazo la msiba. Mzee Ramadhani hakujua kusoma. Alitaka nimweleze, nikamweleza.

"Kwa hiyo wameuliza nani ana pingamizi," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na wamemuuliza kila mtu?"

"Kila mtu."

Akarudi kukunja kamba zake. Sikutilia maanani.

Sasa hicho kisima. Ujue sisi tulipokuwa kazini hatukuwa na tabia ya kupigiana kelele. Mmoja anashuka kwa kamba, mwingine anabaki juu kwenye roda inayopitisha kamba. Wa juu anavuta kamba kidogo, wa chini naye anavuta kuonyesha kwamba yuko salama. Asipovuta, anapandishwa haraka, kwa sababu hewa ya chini inaua bila kugusa. Jina la mtu halikuitwa kwenye shimo hata siku moja. Mzee alikataza, na sababu hakutoa.

Siku hiyo nilikuwa nimefika kwenye mwamba. Ukiangalia juu, mdomo wa kisima ni mdogo kama sahani. Nikaweka mtaimbo chini nipumzike. Ndipo nikasikia.

"Bukuru."

Kwetu wakizaliwa pacha, wa kwanza huitwa Bukuru, wa pili Butoyi. Mimi ni Bukuru, jina la nyumbani ambalo hata kwenye hati zangu halimo. Hata mke wangu alizoea kuniita Hamisi. Na sauti haikutoka juu, mwanangu. Ilitoka chini ya mwamba niliokuwa nimesimama juu yake. Wala haikuwa ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka kutafuta.

Nikaitika. Mdomo uliitika wenyewe, kwa Kirundi, kama mtoto aliyeitwa na wenzake.

Kamba ikakaza, nikapandishwa mbio mbio. Nilipotokeza juu, Mzee Ramadhani alikuwa bado ameshika kamba kwa mikono miwili.

"Unaongea na nani huko?"

"Kuna mtu ameniita, mzee."

"Nimesikia. Umejiita mwenyewe, ukajiitikia mwenyewe. Sauti ni hiyo hiyo moja. Mtu mwenye akili anajiita?"

Nikakaa kwenye udongo. Nikamwambia nina pacha, na kwamba hata mama alikuwa akishindwa kututofautisha kwa sauti. Mzee akafunika kisima kwa matawi ya miiba, akaketi mbali nacho.

"Basi gazeti limepata jibu," akasema. "Limeuliza nani ana pingamizi, na huyo pacha wako amesema. Wewe, kwenu uliondoka au ulitoroka? Ulimuaga nani?"

"Sikuaga. Nilikuwa naenda kuvuna tumbaku nirudi."

"Kwa hiyo mpaka leo wanakungoja urudi. Hao jamaa wa uhamiaji wakija kunihoji kuhusu wewe, nitawaambia nini? Kwamba huyu ni wa kwetu, ilhali kwao kuna watu wamemwekea chakula? Mimi sikudhamini, Hamisi. Kaage kwanza."

Nilikasirika, sikufichi. Siku ya kuhojiwa ilikuwa karibu, nikikosa sijui wangeniita tena lini. Lakini bila neno la mzee sikuwa na mdhamini mwingine wa maana pale kijijini. Na kile kisima kilikuwa pale pale chini ya miiba. Zaituni akanifungia mkate wa kumimina na mayai ya kuchemsha.

"Nenda," akasema. "Ukirudi na mke wa Kirundi, utalala na mbuzi."

Nikapanda basi Kondoa mpaka Dodoma, nikachukua treni ya Kigoma, nikavuka mpaka kwa hati zangu kama mtu. Kijijini kwetu nilifika mchana, ukungu umekaa kwenye migomba. Mwanamke wa kwanza niliyekutana naye alitua mzigo wa kuni taratibu, bila kunipa mgongo, kisha akakimbia. Nikasalimia watoto, hakuna aliyeitikia. Wanaume waliokuwa wanakunywa pombe ya ndizi wakasimama wote. Mmoja wao, niliyechunga naye mbuzi, akaokota udongo, akaushika mkononi tayari kunirushia.

"Unataka nini tena?" akaniuliza.

Tena. Neno hilo lilinipita, nikaja kulielewa baadaye. Nikaenda zangu mpaka kwa mama.

Mama alikuwa ameketi mlangoni, macho yameingia ukungu. Nikapiga magoti. Akanipapasa uso, nyusi, masikio, taratibu kama anayetafuta kitu alichokidondosha.

"Wewe ni yupi?"

"Ni Bukuru, mama."

"Butoyi naye alisema hivyo hivyo jana," akasema, akacheka kidogo. "Alikaa hapo hapo ulipo. Tangu mtoto alikuwa ananichezea mchezo huo. Lete viganja."

Nikampa. Akagusa sugu za kamba, moja moja.

"Eh. Kweli ni Bukuru. Butoyi hakuwa mtu wa kazi."

Jirani aliyekuwa ananichungulia kwa nyuma ndiye aliyeniambia, kwa kunong'ona, kwamba Butoyi alikuwa ameshazikwa, kaburi liko nyuma ya nyumba. Ndipo nikaelewa kwa nini watu walinikimbia. Uso wa mtu waliyemzika umekuja kwa miguu, tena unawasalimia. Alikufa lini, sikuuliza. Mpaka leo sijauliza.

"Mama, nimekuja kuaga," nikamwambia.

"Kuaga? Si ulikwenda zamani?"

"Zamani sikuaga."

Akafikiri. "Hiyo nchi ina maji?"

"Kule niliko hayatoshi. Mimi ndiye ninayewachimbia."

"Basi wanakuhitaji. Mimi sikuzuii, nina binamu zako wa kuniangalia. Nenda kamwambie mwenzio. Yeye ndiye anayekutafuta, mimi nilishachoka kumwambia atulie."

Nikaenda nyuma ya nyumba. Hapakuwa na upepo hata kidogo. Nikasimama kando ya kaburi nikaona haya kwanza, mtu mzima naongea na udongo. Kisha nikasema. "Butoyi, nakwenda kuapa kuwa mtu wa nchi nyingine. Usinifuate kule, mdogo wangu, hakuna anayekujua. Kaa na mama." Migomba yote ilikuwa imetulia, isipokuwa jani moja lililoanza kutikisika peke yake, kulia na kushoto, kama mtu anayekataa. Nikarudia maneno yale yale, safari hii nikaongeza kwamba sikumkimbia. Jani likaendelea kidogo, likasimama.

Nilikaa na mama siku kadhaa, nikampalilia maharage, nikaondoka asubuhi na watu wakinisindikiza, wameshajua mimi si Butoyi. Nilipofika Busi, maofisa walikuwa wameshakuja wakanikosa. Mzee Ramadhani aliwaambia nimekwenda kuaga. Mmoja akamcheka, akauliza naaga nini.

"Nchi yake," mzee akamjibu. "Au wewe ulifikiri anaikana kwa peni?"

Wakapanga siku nyingine. Siku hiyo mzee alisimama mbele yao, akasema mimi ni mtu wa Busi na yeye ananijua. Hakuongeza neno. Nikangoja tena muda mrefu, mpaka nikaanza kusahau kwamba nangoja, kisha nikaitwa Dodoma.

Nikaukana uraia wa kwanza, maana nchi hii haitaki mtu wa nchi mbili. Nikanyanyua mkono, nikaapa. Sikiliza hapa. Chumba kilikuwa kimya, na nilipokuwa nasema maneno ya kiapo niliisikia sauti yangu, na ilikuwa moja, yangu peke yangu. Tangu nizaliwe sikuwahi kuisikia hivyo. Nikamaliza, nikabaki mkono uko juu, nasikiliza. Ofisa akadhani nimesahau kitu.

"Mzee, umemaliza," akaniambia.

"Bado kidogo," nikamwambia. Nikangoja. Hakuna aliyeita. Nikashusha mkono.

Kwa hiyo, mwanangu, shika haya ya mtu asiyesoma. Usidanganyike ukanunua cheti cha kuzaliwa kwa vijana wa mitaani. Ukikamatwa utafukuzwa, na usipokamatwa utaishi unaogopa kuitwa jina lako. Kibali kikiisha kihuishe, wakikuita nenda, wakikuuliza sema ulikotoka bila kugugumia. Hayo ya serikali ni mepesi, yanataka uvumilivu tu. Kazi ni hii nyingine. Kabla hujanyanyua mkono, rudi kwenu ukaage kwa mdomo wako, usitume ujumbe wa simu. Waage walio hai wakikutazama, na waliozikwa uwaage pale walipo. Waambie unakokwenda na kwa nini, wakubali au wanune, lakini wajue. Kama njia imefungwa kwa vita, mtafute mzee mmoja wa kwenu hapa mjini, keti chini, umuage yeye kwa niaba yao wote. Nchi inakutoa kwenye daftari kwa siku moja. Watu wako hawana daftari, wao wanaendelea kukungoja mlangoni, na anayekungoja sana huanza kukutafuta. Mimi nimesikia anavyotafuta. Wewe nisingependa usikie.

Mungu akufungulie mlango unaougonga, na ule unaouacha aufunge taratibu bila kumbana mtu vidole. Akupe majirani watakaosema wanakujua. Siku utakayoapa, sauti yako ikutoshe, na udongo utakaokuwa wako ukupokee ukiwa hai, ukulishe, ukuzeeshe. Nenda salama, mwanangu, na ukifika kwenu mpe mama yako shikamoo yangu.