Mkasi Uliobaki Uwanja wa Ndege

Duka langu la vifungo na nyuzi limepakana na chumba cha Bi Pindo, na katikati yetu pana ukuta wa mbao usioficha kitu. Kwa hiyo ya hapa nimeyasikia kwa masikio yangu, na ya Ulaya amenisimulia mwenyewe, akiwa amekalia kiti changu bila kukaribishwa.

Bi Pindo tulimpa jina hilo kwa sababu hawezi kukusalimu kabla hajatazama pindo la nguo yako. Ameshona miaka thelathini na mmoja. Sita ya mwisho ameshona na mke wa mwanawe, mwanamke mpole, mwepesi wa mkono, ambaye hakuwahi kuruhusiwa kukata hata kipande cha bitana. Kwa Bi Pindo, anayekata ndiye fundi, wengine wanamsaidia tu. Mkasi wake mzito wa chuma aliachiwa na fundi aliyemfundisha. Haukukata karatasi, haukuazimwa, na kila jioni ulirudi nyumbani ndani ya mkoba wake.

Basi chama cha mafundi cherehani kilipoalikwa kutembelea miji minne ya Ulaya, watu kumi na wanane, Bi Pindo alikata kazi zote za wiki mbili, akazifunga mafungu mafungu, akamwachia mkwewe azishone. Mkasi akaondoka nao. Nilimuuliza huko anakwenda kumkata nani. Akanijibu kwamba mkasi ukibaki, utajaribiwa.

Huko, kwa maelezo yake, wenzake walipiga picha minara na madaraja, yeye akakagua mapazia ya hoteli. Katika jumba moja la makumbusho aliinamia joho la mfalme nyuma ya kioo mpaka mlinzi akasogea. Mshono mmoja wa begani ulikuwa umepinda. Hilo lilimfurahisha kuliko minara yote, na mpaka leo hajalisahau.

Siku ya kurudi, sanduku lilizidi uzito kwa zawadi. Akalipunguza. Akautoa mkasi, akautia kwenye mkoba wa mkononi, mahali pake pa siku zote, wala hakuwaza mara mbili. Ofisa wa ukaguzi akauchomoa na kuutumbukiza kwenye ndoo yenye chupa za manukato za watu. Kiongozi wa msafara alibembeleza, wapi! Ndani ya ndege Bi Pindo alilia mpaka abiria wa kando akampa leso, na hata hiyo leso, alikiri, aliigeuza kutazama pindo lake.

Asubuhi aliyorudi kazini alianzia kwangu, akauliza kama nauza mkasi. Ninao wa kukatia uzi tu. Alitakiwa kuanza kukata magauni thelathini ya shule, na shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya siku nne.

"Bila ule mkasi," aliniambia, "mimi pale ndani ni nani?"

Nilimwonea huruma, ingawa siku zote nilimwona ana roho ngumu kwa yule binti. Nikamsindikiza.

Magauni yote thelathini yalikuwa yananing'inia kwenye kamba, yamepigwa pasi. Mkwewe alitupokea kwa heshima zote, akaeleza kwamba mwalimu mkuu alileta kitambaa mapema kuliko walivyopatana, na simu ya mama haikupatikana.  Bi Pindo alipita gauni moja moja akigeuza mapindo, nami nikajifanya natafuta kifungo sakafuni. Kwenye la kumi na mbili akasimama.

"Kola umeishusha."

"Ilikuwa inawakwaruza watoto shingoni, mama. Nimeshusha kidogo tu."

Bi Pindo alipitisha kidole kwenye ile kola, akakipeleka, akakirudisha. Miaka yote ameikata ile kola, na hakuna mtoto aliyewahi kumlalamikia. Nadhani walimwogopa.

Mkwewe alifungua droo, akatoa mkasi mpya wenye mpini wa plastiki ya rangi ya chungwa, akaushika kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama. Nilinunua huu kwa kuwa wako haukuwepo. Sasa umerudi, huu nitakatia karatasi."

"Wangu haujarudi," alisema Bi Pindo. Akamsimulia yote, ndoo na manukato, bila kujipendelea hata kidogo. Kisha akauchukua ule mkasi, akaujaribu kwenye kipande cha kitambaa. Ulikata vizuri. Alimrudishia mkononi na kuvikunja vidole vya mkwewe juu yake.

"Huu usikatie karatasi, mwanangu. Na usimwazime mtu. Hata mimi."

Halafu akavuta kiti, akakaa kwenye cherehani, akangoja apewe cha kushona.